Mgeni wa Harusi Afikishwe Kwake Salama

Kila Desemba ikikaribia, jiji la Arusha na vijiji vya Mlima Meru huingia katika majira ya harusi. Ndugu walio mbali hurudi kwao, makanisa huwa na ndoa Jumamosi baada ya Jumamosi, na kumbi za mjini huwa zimekwisha kukodiwa tangu zamani. Kamati za harusi hukutana jioni baada ya jioni. Kadi za michango hupita kutoka mkono hadi mkono. Na hakuna jirani asiyetoa chochote. Desturi hii ya kuchangiana ni njema, nasi twaisifu, kwani imewawezesha watu wengi wenye kipato kidogo kuwaoza watoto wao kwa heshima.

Lakini yafaa tuyatazame makisio ya fedha yanayotengenezwa na kamati hizo. Juu kabisa huandikwa ukumbi, kisha chakula na vinywaji, kisha keki, mapambo, mshereheshaji, mpiga picha, matarumbeta na sare za wasimamizi. Chini kabisa huonekana neno moja tu: usafiri. Na fedha zinazowekwa mbele ya neno hilo aghalabu ni zile zilizosalia baada ya mambo mengine yote kupata fungu lake. Mara nyingi fedha hizo hutosha kukodi gari la maharusi, gari la wazazi na gari la matarumbeta. Wageni wengine wote huambiwa kwamba watajitegemea, au huahidiwa Coaster moja ambayo haikuhesabiwa itachukua watu wangapi.

Twasema wazi kwamba mpango wa namna hiyo una kasoro kubwa. Mzee wa Nkoaranga aliyetoa mchango wake, akavaa koti lake jema na kuteremka mjini kumpa heshima mtoto wa ndugu yake, amekuwa amana mikononi mwa wale waliomwalika. Amana hiyo hairudishwi ukumbini, muziki unapozimwa. Hurudishwa mlangoni pake. Kamati isiyojua mzee huyo atafikaje nyumbani saa saba ya usiku haijamaliza kazi yake, hata kama pilau ilitosha na ndafu ilipendeza.

Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kwenda harusini ni rahisi: ni mchana, kila mtu ana nguvu, magari ni mengi, na aliyechelewa hupanda daladala. Taabu i katika kurudi. Sherehe nyingi humalizika karibu na saa sita ya usiku. Wakati huo magari ya kawaida yamekwisha kulala, bodaboda hupandisha bei yake, akina mama wana watoto waliosinzia migongoni, vijana wamekunywa, na dereva wa gari lililokodiwa, ambaye ameamka tangu alfajiri, yuko nje ya ukumbi na njaa yake. Basi hapo ndipo watu 40 hujisukuma katika gari la watu 26, na hapana anayesema neno, kwa kuwa hakuna atakaye kubaki.

Hali ya nchi yetu ya Arusha nayo yataka fikira zaidi. Jiji lina watu zaidi ya 600,000, na wageni wa harusi moja hutoka pande zote: Kisongo na Ngaramtoni, Moshono na Njiro, Tengeru na Usa River, Poli na Akheri. Barabara kuu kati ya Sakina na Tengeru imepanuliwa ikawa ya njia nne, na barabara ya mchepuko yenye kilomita zipatazo 42, inayopita pembezoni mwa jiji kati ya Ngaramtoni na Usa River, imeleta nafuu kwa wasafiri. Lakini mgeni wa mlimani hakai kando ya lami. Kutoka barabara kuu njia hupanda katikati ya migomba na mibuni, nyingine zikiwa nyembamba, nyingine za udongo mweusi ambao mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Basi kubwa halifai huko hata mchana, sembuse usiku wa mvua za vuli.

Tena Jumamosi, siku inayopendwa kwa harusi, ndiyo siku ambayo soko la Tengeru hufurika watu, mikokoteni na mizigo ya ndizi. Kamati iliyopanga ibada saa nane mchana huko mlimani na sherehe saa kumi na mbili jioni mjini, bila kulikumbuka soko hilo, itawakuta maharusi katikati ya msongamano, na wageni wakisubiri ukumbini hadi chakula kipoe. Na kila saa inayopotea jioni hulipwa usiku, kwani sherehe iliyochelewa kuanza huchelewa kwisha, na safari ya kurudi husogea mbele hadi wakati wa hatari.

Hatusemi haya kwa kuwatisha watu. Twayasema kwa kuwa barabara za kaskazini zimekwisha kutufundisha kwa gharama kubwa. Watu wa Arusha hawajasahau tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la Shule ya Lucky Vincent lilipotumbukia korongoni huko Karatu, wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva wao. Wala hawajasahau siku ile majeneza yalipopangwa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, mji mzima ukilia. Wale watoto hawakuwa wakienda harusini. Walikuwa wakienda kufanya mtihani. Lakini ilikuwa safari ya kundi iliyopangwa na watu wazima kwa niaba ya wengine, kama ilivyo safari ya harusi, na aliyepanda hakuwa na nafasi ya kuuliza habari za gari wala za njia.

Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, Coaster iliyobeba maiti na wafiwa kutoka Dar es Salaam kwenda kuzika Kilimanjaro iligongana na lori huko Magila Gerezani, wilayani Korogwe. Hesabu ya kwanza ilikuwa watu 17 waliokufa, wengi wao wa ukoo mmoja. Ilielezwa kwamba lori lile lilikuwa likijaribu kulipita gari jingine. Wafiwa wale basi hawakuwa na kosa. Lakini mpangaji wa safari yampasa kulitia moyoni jambo moja: hana amri juu ya madereva wa magari mengine, ila anayo amri juu ya saa ya kuondoka. Katika mwaka huo huo wa 2023 Serikali iliondoa katazo la mabasi kusafiri usiku. Hiyo ni ruhusa, wala haimlazimishi mtu. Palipo na hiari ya kusafiri mchana, ukoo mzima usitiwe barabarani usiku katika gari moja.

Tarehe 24 Februari 2024, hapa hapa Ngaramtoni, lori lililoshindwa kufunga breki liliyagonga magari matatu, wakafa watu 25. Na tarehe 28 Juni 2025, huko Sabasaba wilayani Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana yakawaka moto. Hesabu ya kwanza ilikuwa watu 38 waliokufa, na miongoni mwa waliokuwamo katika basi dogo walikuwako ndugu waliokuwa wakienda harusini. Habari ya Ikulu ilitaja kupasuka kwa tairi. Nyumba zilizokuwa zikingoja vifijo zilipokea maombolezo. Msomaji ayaunganishe mambo haya mwenyewe: saa ya safari, breki, tairi, mteremko. Hakuna hata moja katika hayo ambalo hutajwa katika vikao vya harusi, ingawa rangi ya vitambaa vya mezani hujadiliwa vikao vitatu.

Wapo watakaotujibu kwamba fedha hazitoshi, na kwamba watu wetu wamezoea kujitafutia njia. Kuhusu kuzoea, twakubali kwamba zamani harusi za mlimani zilikwenda kwa miguu, nyimbo zikitangulia, na baadaye watu walipakiwa katika malori ya mizigo. Lakini wakati ule bibi arusi na bwana arusi walikuwa wa kijiji kile kile au cha jirani, na sherehe ilifanyika uani. Sisi tumeihamisha sherehe tukaipeleka mjini, mwendo wa kilomita 20 au 30, pengine hata Moshi, kilomita zipatazo 80; lakini mipango ya safari tumeiacha ile ile ya uani. Aliyeihamisha sherehe na abebe mzigo wa kuwahamisha wageni wake.

Kuhusu fedha, na tupige hesabu. Harusi ina wageni 300. Wakienda kila mtu kwa namna yake, wanne wanne katika magari madogo, yatatakiwa magari 75. Yatatakiwa mafuta ya magari 75, mahali pa kuyaegesha, na madereva 75 ambao kila mmoja wao ajizuie asinywe. Wakipakiwa katika mabasi madogo yenye viti 30, mabasi kumi yatosha, na madereva wa kuangaliwa ni kumi tu. Na kwa kweli si wageni wote wenye haja hiyo, kwa kuwa wapo wenye magari yao na wapo wakaao karibu. Ukiwahesabu wale wasio na njia, huenda ukakuta mabasi manne au matano yamemaliza kazi. Gharama hiyo haizidi uwezo wa kamati iliyoweza kukodi magari ya fahari kumi ya rangi moja kwa ajili ya msafara wa picha.

Tena watu wa Meru hawana haja ya kufundishwa kuchangia safari. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu wenyeji wa Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuieleza dhuluma ile. Safari hiyo ilitokana na michango ya wananchi wenyewe, wakulima wa kahawa na ndizi, waliojua kwamba neno lao halitafika ikiwa mjumbe wao hatafika. Watu walioweza kumvusha mtu bahari kwa michango yao wanaweza kumfikisha bibi mzee Akheri kutoka ukumbi wa Njiro.

Basi twatoa mashauri yetu, nayo si mazito.

Kwanza, usafiri uandikwe juu katika makisio, mara baada ya chakula, na fedha zake zisiguswe kwa sababu ya mapambo. Katika kadi ya mwaliko au katika simu ya kuthibitisha, mgeni aulizwe maneno mawili: watoka wapi, na una gari? Majibu yaandikwe katika daftari moja, nalo liwe na mtu mmoja wa kulitunza. Kutoka katika daftari hilo ndipo vituo vitapangwa, wala si kwa kukisia.

Pili, magari yakodiwe mapema. Katika Julai na Agosti magari mengi ya Arusha huwa na kazi ya watalii, na Desemba wenyeji wa Arusha na Kilimanjaro hurudi kwao kwa wingi. Anayetafuta gari wiki moja kabla ya harusi hupata lile lililokataliwa na wengine. Na gari lisikodiwe kwa kuonyeshwa picha katika simu. Wajumbe wawili waende wakalione: matairi, breki, taa, mikanda, milango, na idadi ya viti. Waitazame leseni na bima. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, hutoa leseni kwa magari ya abiria kwa kazi iliyotajwa. Daladala yenye njia yake haina ruhusa ya kuiacha njia hiyo na kubeba wageni wa harusi bila kibali. Mwenye gari asiyetaka kuonyesha karatasi zake amekwisha kujibu swali.

Tatu, mapatano yaandikwe, hata kama mwenye gari ni shemeji. Yatajwe saa ya kufika, vituo, saa ya kurudi, idadi ya abiria, bei, na nani atalipia mafuta. Sehemu ya fedha ilipwe mwanzo na sehemu ibakizwe hadi abiria wa mwisho ateremke. Ugomvi mwingi unaotokea usiku nje ya kumbi, dereva akidai nyongeza na wageni wakitetemeka kwa baridi ya Meru, chanzo chake ni mapatano ya mdomo.

Nne, dereva ahesabiwe kuwa mgeni wa heshima. Apewe chakula mapema, apewe mahali pa kupumzika, wala asipelekewe bia kwa kisingizio cha ukarimu. Anayempa pombe mtu atakayeshika usukani amewaonea abiria wote. Na ikiwa safari ni ndefu, au dereva amefanya kazi tangu asubuhi, awepo wa pili.

Tano, kila gari liwe na kiongozi wake, mtu mzima asiyekunywa, mwenye orodha ya majina. Awahesabu watu wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Akatae abiria wa kusimama. Amwambie dereva apunguze mwendo, naye asionekane kuwa mwoga. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa magari ya abiria yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Kiongozi akumbushe hayo bila haya.

Sita, kwa watu wa mlimani pawe na safari ya vipande viwili. Basi liwafikishe Tengeru au Usa River, na hapo magari madogo yenye nguvu, yaliyokodiwa tangu mapema, yawapokee na kuwapandisha. Na gari la kwanza la kurudi liondoke saa tatu ya usiku, kwa ajili ya wazee, akina mama wenye watoto, na wale wanaohitaji kuwahi ibada ya Jumapili. Mgeni anayejua kwamba gari lake litaondoka saa fulani hula kwa raha na kucheza kwa raha.

Hatuwezi kumaliza bila kuitaja misafara. Matarumbeta ni furaha yetu sote, na hakuna atakayetaka yanyamaze. Lakini kupanga magari mawili sambamba kuziba barabara, mpiga picha akiwa ameketi dirishani na nusu ya mwili wake i nje, vijana wa bodaboda wakiinua gurudumu la mbele bila kofia ngumu kichwani, hiyo haiwezi kuitwa furaha. Barabara ya Moshi ina wagonjwa wanaokimbizwa hospitalini, nao hawakualikwa harusini. Askari wa usalama barabarani hawapaswi kulitazama jambo hilo kwa tabasamu tu eti kwa sababu ni siku ya mtu.

Na yote tuliyoyasema juu ya harusi yahusu pia mikusanyiko mingine. Tamasha la muziki likifanyika katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, maelfu ya vijana hutoka kwa mara moja usiku, na wengi wao, hasa mabinti, hawajui watapandaje hadi Moshono au Kisongo. Mwaka 2024 ulianza ujenzi wa uwanja mpya huko Olmoti, uliokusudiwa kuchukua watazamaji 30,000, kwa ajili ya mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya 2027 yaliyokabidhiwa Kenya, Uganda na Tanzania. Jiji litakalowapokea watu wengi namna hiyo haliwezi kujifunza kuwasafirisha kwa siku moja. Lijifunze sasa, katika mambo madogo. Kamati ya harusi inayoweza kuwarudisha wageni 300 makwao bila fujo imekwisha kujifunza kazi ambayo waandaaji wa matamasha na viongozi wa jiji wataihitaji.

Twawasihi basi wenyeviti na makatibu wa kamati zote, mjini na mlimani: katika kikao kijacho, kabla ya kusoma orodha ya michango, someni kwanza orodha ya safari. Nani atatoka wapi, kwa gari gani, chini ya dereva gani, na atarudi saa ngapi? Orodha hiyo ikiwa tupu, ukumbi usilipiwe bado. Na asubuhi ya Jumapili, kabla ya kuhesabu chupa na kurudisha viti, katibu na apige simu kwa kiongozi wa kila gari kuuliza swali moja: je, wote wamefika? Jibu likiwa ndiyo, hapo ndipo kamati itakapokuwa na haki ya kusema kwamba harusi imekwisha.